Rufaa ya Mbuzi Wasiohesabiwa

Kama umefeli mtihani na unaamini hukufeli, vuta kiti ukae hapa karibu nami. Futa machozi kwanza, maana barua ya rufaa haipendi maji. Nitakueleza mambo ambayo watu wengi huyajua wakiwa wamechelewa.

Mimi nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa kamati ya rufaa za mitihani katika chuo kimoja cha mifugo na kilimo hapa Kitengela. Chuo chenyewe si kikubwa, lakini barua zilizotoka ofisini mwangu zilikuwa safi kuliko za vyuo vyenye mageti ya umeme. Hayo si majivuno, ni kweli tu. Nilizaliwa upande wa magharibi, mtoto wa sita wa mkata miwa. Nikaenda Uingereza na sanduku moja, nikaosha sahani katika jiko la chuo fulani, nikapanda hadi kusimamia vyumba vya mtihani, mwishowe nikapewa meza katika ofisi ya malalamiko ya matokeo. Diploma yangu ya utawala niliisomea jioni kwa miaka mitatu, soksi zikiwa bado na unyevu wa jikoni. Hakuna mjomba aliyenipigia simu popote. Niliporudi nilijenga nyumba ya vyumba vinne, na diploma nikaitundika sebuleni pale ambapo wenzangu huweka televisheni. Nakala yake niliiweka ofisini. Wanafunzi waliniita Mzee Diploma wakidhani wananitania. Mimi niliitika.

Aliyenifunza kazi kule alikuwa mama mfupi, mkali, aliyeitwa Maureen. Wiki yangu ya kwanza mwanafunzi mmoja alilalamikia alama za hesabu. Nikaandika kurasa tatu za kumhurumia, Kiingereza kitamu kabisa. Maureen akazisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza, “Umeiona karatasi aliyoifanya?” Sikuwa nimeiona. Tukaifuata kabatini. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandana, na mtahini hakuwa amezifungua. Kurasa zangu tatu za huruma zikaenda kwenye pipa, na mwanafunzi akapata haki yake kwa sentensi mbili.

Kwa hiyo la kwanza, vijana: usiombe mtihani usahihishwe upya kabla hujaomba kuuona. Nimemwona kijana aliyeomba kusahihishiwa upya kwa hasira, akapungukiwa alama nne, kwa sababu mtahini wa pili hakuwa mkarimu kama wa kwanza. Usiandike kwamba wewe ni mwerevu na majirani wanajua. Usije na mtu mkubwa. Baba mmoja wa Embulbul alimleta mchungaji, mchungaji akaomba dakika ishirini mbele ya kabati la faili, na alama hazikusogea. Na barua yako ikipokelewa, simama hapo hapo hadi igongwe muhuri wenye tarehe, kisha uondoke na nakala. Karani akikwambia “wacha tu hapa, nitashughulikia,” mjibu kwa heshima kwamba utangoja.

Na uhesabu siku mwenyewe. Hili nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo. Sheria yetu ilitoa siku kumi na nne. Kijana mmoja kutoka Rombo aliniuliza kama Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Mimi, kwa ujuzi wangu wa ng’ambo, nikamwambia hazihesabiwi. Kumbe zinahesabiwa. Akachelewa kwa siku mbili, akarudia muhula mzima kwa sababu ya mdomo wangu. Mpaka leo akiniona hunisalimia vizuri sana, na ndiyo maana huwa navuka barabara.

Sasa nije kwa Nashipae, maana rufaa yake niliipenda kuliko zote, na ni mimi niliyekaribia kuiua.

Nashipae alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwao ni mbele ya Isinya, ukiiacha barabara ya Namanga na kuingia ndani kidogo. Alilelewa na nyanya yake, ambaye yeye humwita Kokoo. Alikuwa amemaliza cheti cha afya ya mifugo na amefaulu vizuri masomo yote isipokuwa moja, mradi wa nyumbani, na bila mradi hakuna kuingia darasa la diploma. Orodha ya darasa hilo ingefungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Kanisa lililokuwa likimsomesha lilifadhili wanaoendelea moja kwa moja tu. Akikosa mwaka huo, nafasi yake ingeenda kwa mwingine, na mambo yangeishia hapo.

Walikuja wawili, yeye na Kokoo. Nilijua salamu za Kimaasai, sikukaa kaunti ya Kajiado bure.

“Takwenya,” nikamwambia Kokoo.

“Iko,” akajibu, akaketi bila kuambiwa.

Nashipae akaweka daftari mezani. “Mzee, Madam Wangari amenipa sufuri kwa rekodi. Sufuri. Na mimi niko na daftari imejaa mpaka jalada.”

Niwaeleze mradi wenyewe. Kila mwanafunzi alichunga kundi la wanyama nyumbani kwa miezi sita, na kila wiki akaandika hali yao katika daftari lililochapishwa na chuo. Safu ya kwanza ya kila ukurasa ilikuwa na neno moja juu: Idadi. Katika daftari la Nashipae safu hiyo ilikuwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Madam Wangari, mwalimu wa somo hilo, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Hakuna idadi. Rekodi haikuwekwa. Sufuri kwa arobaini.

Nikalifunga daftari. “Binti yangu, hapa huna rufaa. Safu ya kwanza iko wazi kama uwanja wa mpira.”

“Hatuhesabu, mzee.”

“Hamhesabu nini?”

“Mbuzi. Kokoo hakubali. Ukiwahesabu unawaitia hasara.”

“Na wewe unasomea mifugo?”

“Nasomea kuwatibu. Kuhesabu nilijua nikiwa darasa la kwanza.”

Kokoo akauliza jambo kwa Kimaasai. Nashipae akamjibu kwa ufupi. Kokoo akaniangalia, akaangalia diploma ukutani, akasema maneno machache, na msichana akauma mdomo asicheke.

“Amesema nini?”

“Si kitu, mzee.”

“Sema.”

“Amesema, wewe uliyesoma ng’ambo, ukifika nyumbani jioni huwa unahesabu watoto, ama unaangalia ni nani hayuko?”

Nikawaambia sheria ni sheria, nikawafungulia mlango. Nilifanya hivyo kwa adabu, lakini mlango ni mlango.

Niliporudi kuketi daftari lilikuwa bado mezani, wamelisahau. Nilitaka kuliweka kabatini, nikasikia sauti ya Maureen wazi kabisa: Umeiona karatasi aliyoifanya? Sikuwa nimeiona. Nilisoma safu moja na wino mwekundu, basi. Mimi, mtu niliyewafundisha makarani watatu wasifanye hivyo.

Nikalifungua. Vijana, nywele zilinisimama. Kila mstari ulikuwa mbuzi mmoja aliye hai. “Nanyokie, mwekundu, sikio la kushoto limekatwa, mama yake ni yule mweupe wa goti jeusi. Jumanne amekohoa, amekula nusu. Dawa ya minyoo, kipimo cha uzito wake. Alhamisi anakula vizuri.” Mstari wa pili mbuzi mwingine, na rangi yake, na mama yake, na kidonda chake na siku kilipopona. Katika ukurasa wa tano nilimtambua Nanyokie kabla sijamaliza kusoma, kama jirani ninayemjua. Nimesoma madaftari mengi ya mradi. Huwa yanasema: mbuzi ishirini na wanne, wazima. Wiki ijayo: mbuzi ishirini na wanne, wazima. Nani kati yao alikohoa, hujui.

Nikatoka mbio. Mzee wa tai na viatu vya ngozi, nikiruka mtaro mbele ya wauza nyanya. Mmoja akauliza, “Mzee Diploma, nani amekuibia?” Niliwakuta kwenye duka la dawa za mifugo, Kokoo akibishana na muuzaji kuhusu dawa ya kupe.

“Rudini,” nikasema nikihema. “Kuna rufaa.”

Kokoo hakushangaa. Alimaliza kwanza mambo ya dawa yake.

Mimi kama katibu sikuruhusiwa kumwandikia barua. Kumwonyesha palipo na mlango, hilo niliruhusiwa. Akaleta kurasa tatu. Zilianza na ukame, zikapitia kufiwa na mama, zikaishia kwa Mwenyezi Mungu.

“Ondoa ukame,” nikamwambia.

“Lakini ni ukweli.”

“Ni ukweli, lakini hukunyimwa alama na ukame. Mwache mama apumzike. Na Mungu hana haja ya kusoma barua ya kamati. Nenda kwenye mwongozo wa mradi, utafute mahali panaposema rekodi ni ya nini.”

Akasoma mwongozo wote, jambo ambalo hata walimu hawakuwa wamelifanya. Kipengele cha sita kilisema rekodi imwezeshe msomaji kumtambua kila mnyama na kufuatilia afya yake. Hakikutaja idadi. Neno hilo lilikuwa kwenye daftari lililochapishwa tu, aliliweka mchapishaji au mtu fulani zamani. Barua ya mwisho ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Mstari wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe, na nilimshauri aufute kwa sababu niliuona una kiburi. Alikataa. Ulisema hivi: Naomba kamati ichague ukurasa wowote, ije zizini, inijaribu.

Kamati ilikaa Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Otieno, daktari wa mifugo mstaafu anayesinzia kikao kikiwa na maneno mengi. Siku hiyo hakusinzia. Madam Wangari alikuja kujitetea, na msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu bora tuliyekuwa naye, na hoja yake ilikuwa nzito.

“Mimi sina chuki na huyu msichana,” alisema. “Lakini niambieni. Daktari akija na chanjo, akuulize una mbuzi wangapi, utamwambia rangi?”

Mwenyekiti akamgeukia Nashipae. “Jibu swali la mwalimu wako.”

“Nitamsomea orodha, Madam. Kila jina, sindano moja. Hakuna atakayerukwa na hakuna atakayedungwa mara mbili.”

“Na tutajuaje kama hiyo orodha ni ya kweli? Mtu anaweza kukaa jikoni akatunga mbuzi.”

“Ndiyo maana nimewaomba mje.”

Bwana Otieno akavua miwani. “Katibu, gari la chuo liko?”

Tulikwenda Jumatano alasiri. Nilivaa suti. Tulifika mbuzi wakiingia kutoka malishoni, vumbi limesimama, Kokoo yuko mlangoni mwa zizi akimtazama kila mmoja anayepita. Madam Wangari akashika daftari mkono mmoja, akainua kidole cha mkono wa pili kuelekea kundini, na midomo yake ikaanza kucheza. Kokoo akamfikia taratibu, akakishika kile kidole, akakikunja ndani ya kiganja chake.

“Mwalimu,” alimwambia kwa Kiswahili chake cha polepole, “sema unamtaka nani.”

Nilidhani tumeharibikiwa. Madam Wangari akatabasamu kidogo. “Cucu yangu alikuwa hivi hivi,” aliniambia pembeni. “Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakwambia wako wa kutosha.”

Kisha akaanza kazi, na hakuhurumia mtu. Alifungua ukurasa wa kati. “Mweusi mwenye mstari mweupe mgongoni, jipu limepasuliwa chini ya taya.” Nashipae akaingia kundini, akatoka naye, akamwinua kidevu. Kovu lilikuwepo. “Mwenye kwato ya nyuma iliyooza mwezi wa pili wa mradi.” Akaletwa, kwato imepona, bado ina kasoro pale ilipochongwa. Wa tatu, wa nne, wa tano. Bwana Otieno aliwashika mwenyewe, akawafungua midomo, akawa kijana tena. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao nikiwa nimesimama kwenye samadi, nimejaa furaha, na katibu haruhusiwi kuwa na furaha.

Halafu Madam Wangari akageuza mtihani. Akamshika mbuzi jike aliyekuwa karibu naye, mweupe mwenye madoa ya kahawia. “Huyu je? Nionyeshe ukurasa wake.”

Nashipae akaangalia. Akaangalia tena. Hakugusa daftari.

“Hayuko, Madam.”

“Kwa hiyo rekodi haijakamilika.”

Nikaacha kuandika.

“Huyo si wetu. Ni wa kwa jirani, ameingia na wetu leo.”

Kokoo akaongeza jambo kwa Kimaasai, akinyoosha mkono upande wa pili wa ua. Nashipae akatafsiri. “Anasema alikuwa anangoja mmalize maswali. Wetu mmoja amebaki huko kwa jirani, yule mtoto wa Nanyokie. Wamebadilishana malishoni.”

Akavuka ua. Kabla hata hatujaelewana la kusema alirudi na mtoto wa mbuzi mwekundu begani, mbuzi huyo akipiga kelele, na alama zote za ukurasa wake wa thelathini ziko mwilini mwake.

Bwana Otieno alicheka hadi akashika mti wa ua. “Mwalimu Wangari, ungewahesabu leo, hesabu ingetimia kabisa. Na mtoto wa Nanyokie angelala kwa jirani.”

Madam Wangari alimwachilia yule mweupe. Alisimama akilipekua lile daftari ukurasa kwa ukurasa, sasa akilisoma. “Hii kurasa mbili haina tarehe,” akasema.

“Nilisahau, Madam,” Nashipae akajibu.

“Nitazikata alama.”

“Kata, Madam.”

Alhamisi kamati ikaamua. Madam Wangari mwenyewe ndiye aliyependekeza alama: thelathini na tatu kwa arobaini, na zile za tarehe akazikata kweli. Mradi ulikuwa umefaulu. Lakini, vijana, uamuzi usio na saini ni uvumi tu. Saini ilikuwa ya mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo Ijumaa hiyo alikuwa Kajiado mjini kwenye mkutano wa ofisi za serikali. Orodha inafungwa saa kumi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa barabara ya Namanga na barua ndani ya bahasha, bahasha ndani ya faili, faili kifuani. Ningeweza kumtuma mtu. Katika kazi yangu yote sikuwahi kutuma mtu na karatasi asilia, na nanyi msije mkafanya hivyo. Kajiado nikaambiwa mkutano umehamia ukumbi mwingine. Nikaenda ukumbi mwingine, nikaambiwa wametoka kula. Nikamkuta mkuu nyuma ya soko la mifugo, mbele ya sahani ya nyama choma, mikono yote imejaa mafuta.

“Wewe na suti kila siku,” akasema. “Ni nini haiwezi kungoja Jumatatu?”

“Mwanafunzi, bwana mkuu. Jumatatu atakuwa si mwanafunzi.”

Akainuka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili bila mimi kumwambia, akaweka barua juu ya faili langu, akasoma mstari kwa mstari. Akaweka saini. Kisha akauliza, “Ati mbuzi wa jirani?” Nikamwambia nitamsimulia siku nyingine.

Nilirudi chuoni saa kumi kasorobo. Nilipiga nakala, nikagonga muhuri, nikarekebisha hati ya matokeo kwa vidole viwili, maana kompyuta sikuipenda kamwe, na nikampa Nashipae aliyekuwa mlangoni tangu asubuhi. Hakusoma. Alikimbia. Nikamfuata kwenye dirisha la usajili, nikaona msajili akivuta hati, akiitazama, akimtazama yeye, akitazama saa ya ukutani. Akafungua tena orodha aliyokuwa amekwisha kuifunga kwa uzi. Jina la Nashipae likaandikwa mstari wa mwisho kabisa chini ya ukurasa, herufi zikibanana kwa kukosa nafasi.

Madam Wangari alikuwa akipita ukumbini na kikombe cha chai. Darasa la diploma pia lilikuwa lake. Alisimama nyuma ya msichana, akanyoosha shingo, akalisoma lile jina.

“Jumatatu saa mbili,” akamwambia. “Tunaanza na magonjwa ya mapafu. Kuja na gambuti, na usinichelewee.”

“Ndiyo, Madam.”

“Na Nanyokie wako, yule wa kukohoa kohoa, umeshamwangalia tena wiki hii?”

“Bado, Madam. Nilikuwa hapa.”

“Basi unangoja nini? Nenda nyumbani.”